Mawe yote haya Mwanza, mbona hatuna ngome kama Thimlich Ohinga?

#1 mwana_igoma
Wakuu, salaam. Nimerudi jana usiku kutoka ng'ambo ya Sirari. Tulikuwa wanne, tukachanga, tukaenda kuiona Thimlich Ohinga, ile ngome ya mawe iliyoko kaunti ya Migori, Kenya. Kutoka Migori mjini ni kama kilometa 46 kuelekea kaskazini-magharibi. UNESCO waliiingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018, na inaniuma kwamba mimi mtoto wa kanda hii nimeanza kuisikia mwaka huu.

Unapanda mwinuko wenye vichaka, huoni kitu. Mara ukuta huo hapo mbele yako, umekuzidi kimo. Mawe matupu! Hakuna saruji, hakuna chokaa, hakuna hata udongo wa kugandishia. Ni jiwe juu ya jiwe, na wataalamu wanakadiria umesimama tangu karne ya 16. Mlango ni mfupi, niliinama mpaka vidole vikakaribia kugusa chini. Ukishaingia unakuta kuta nyingine ndani, mazizi, mahali palipokuwa na nyumba. Boma kubwa linaitwa Kochieng, na karibu yake kuna Kakuku, Koketch na Kolouch.

Sasa swali langu. Nimekulia Igoma, nikifungua mlango wa nyumbani nakanyaga jiwe. Mji mzima umekaa juu ya mawe na chini ya mawe. Kwa nini huku kwetu hakuna kitu kama kile? Wazee wetu hawakuwa na adui? Hawakuwa na ng'ombe wa kuporwa? Naomba majibu ya kweli, jambo hili limenikaa moyoni.

#2 Kobe wa Saanane
Ngome ipo mkuu. Kile kilima cha katikati ya mji chenye jumba la Mjerumani juu, kinachoitwa kwa jina la Robert Koch. Umepita chini yake mara ngapi hujainua macho?

#3 Mwalimu wa Butimba
Kobe, hapana. Lile ni jumba la kuishi, siyo ngome, na aliyelijenga ni mkoloni. Mleta mada anauliza wenyeji walijenga nini. Hata hilo jina lisiwapoteze: Koch alikuja ukanda huu mwaka 1906 kuchunguza malale, na kazi yake kubwa aliifanyia visiwa vya Ssese upande wa Uganda. Mwenye hamu ya ngome ya Kijerumani juu ya kilima aende Fort Ikoma, kule Serengeti. Ile ndiyo ngome hasa, na mwaka 1917 katika Vita ya Kwanza watu walipigania pale.

Nikirudi kwenye swali. Usukumani ulinzi ulikuwepo, lakini ulikuwa wa mimea. Minyaa! Unapanda ua wa minyaa kuzunguka kaya na zizi, miaka michache umefungana, na ule utomvu wake ukiingia jichoni utajuta. Hakuna mwizi anayepenya gizani. Ua wa namna hiyo ukiachwa unakufa au unaungua, haubakizi alama. Jiwe linabaki. Kwa hiyo tunaona ngome ya Migori hatuoni ya Magu, tukadhani Magu hawakujilinda.

#4 Fundi Mawe, Mabatini
Mimi kazi yangu ni mawe, miaka zaidi ya ishirini, nimegonga kokoto tangu kijana mpaka sasa najenga misingi na kuta za kuzuia udongo milimani. Mwana_igoma, umeuliza kwa macho ya mpita njia. Uliza kwa mikono.

Jiwe la Mwanza siyo jiwe la kujengea mpaka ulilazimishe. Linakaa pande moja kubwa kama nyumba, la mviringo, gumu. Sisi ili tulipasue tunalikoka moto juu yake, wengine kwa kuni, wengine kwa matairi chakavu, linawaka saa nyingi mpaka likatike lenyewe kwa joto. Unasikia "pwaa!" hapo ndipo unaingiza mtaimbo. Kisha nyundo kubwa, kisha nyundo ndogo. Siku nzima wanaume watatu wanapata lundo la kuwajengea msingi wa chumba kimoja. Sasa nani angefanya hivyo kuzunguka kijiji kizima, kwa nyundo gani?

Ukuta wa mawe makavu unataka mawe ambayo mtu mmoja anaokota na kubeba, na yawe na sura tofauti tofauti yapate kung'ang'aniana. Mwana_igoma nijibu mambo matatu. Moja, mawe yale yalichongwa? Mbili, ukuta ulikuwa umenyooka au umepinda? Tatu, ulipochungulia katikati ya unene wa ukuta uliona nini?

#5 mwana_igoma
Fundi, heshima yako. Hayakuchongwa kabisa, yamewekwa kama yalivyookotwa. Ukuta umepinda, boma zima ni duara. Katikati nilichungulia mahali palipomomoka kidogo: nje kuna safu ya mawe makubwa, ndani safu nyingine, na kati yake vijiwe vidogo vimejazwa. Unene ni mita moja na zaidi. Kimo kuna mahali panafika kama mita nne.

Juu ya mlango wamelaza mawe marefu bapa kama boriti.

#6 Fundi Mawe, Mabatini
Basi hao walikuwa mafundi. Vile vijiwe vya katikati ndivyo roho ya ukuta. Vinazishika safu mbili zisiachane, na mvua ikinyesha maji yanapita katikati yakatoka zake, hayasukumi. Ukuta wetu wa saruji usipoacha matundu ya maji, masika mbili unalala chini. Na duara linajibeba lenyewe, ukuta ulionyooka bila nguzo unayumba. Aliyepanga vile hakujaribu siku hiyo. Alifundishwa, na aliyemfundisha naye alifundishwa.

#7 Nyar Shirati
Habari zenu. Nimefurahi kuona uzi huu, maana mimi ni Mjaluo wa Rorya na hayo mambo nimekua nayakuta kwenye mazungumzo ya nyumbani. Jina lenyewe: *thim* ni pori, *lich* ni la kutisha. Thimlich ni msitu mnene wa kutisha. *Ohinga* ni boma la mawe. Bibi yangu akipita mahali palipokuwa na mji wa zamani, pamehamwa, anapaita *gunda*, na sisi watoto tulikatazwa kucheza pale.

Kwa hiyo mwana_igoma, umesafiri mbali kwenda kuona nyumbani kwetu. Ungesema tukakupa wenyeji wa kukupikia.

#8 Mura wa Tarime
Dada Nyar Shirati, nyumbani kwenu tangu lini? Maelezo ya wataalamu wenyewe yanakubali kwamba pale walikaa watu wa makundi mbalimbali kwa vipindi, na Wabantu walikuwepo ukanda ule kabla Wajaluo hawajaenea. Wajaluo wamekuta kuta, wakazikarabati, wakaongeza zao, wakatoa majina. Jina la Kijaluo halithibitishi fundi ni Mjaluo. Mtu akinunua nyumba yangu akabadilisha jina la getini, je, ndiye aliyeijenga?

#9 Nyar Shirati
Kaka Mura, sikusema tulianza. Nimesema nyumbani. Nyumba ni ya anayeitunza. Watu waliendelea kukaa ndani ya zile kuta mpaka katikati ya karne ya 20, na kama wasingekaa wakarudishia mawe yaliyoanguka, leo mwana_igoma angekuta lundo.

#10 Mura wa Tarime
Hapo kwenye kutunza sibishi.

#11 Bibi Sato wa Kirumba
Mimi nimesoma yote na swali langu bado halijajibiwa: mlikula nini huko? Na nauli ikoje? Maana wajukuu wangu wakisikia wataanza kunisumbua.

#12 mwana_igoma
Bibi shikamoo. Tulipandia basi la alfajiri Nyamhongolo, tukapita Magu, Lamadi, Bunda, mpaka Sirari. Mpakani unahitaji pasipoti au hati ya muda, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano msiisahau, mwenzetu mmoja alichelewa karibu saa nzima kwa sababu yake. Isebania unachukua matatu mpaka Migori. Tulilala Migori, asubuhi tukakodi gari kwenda upande wa Macalder, njia ya mwisho ni vumbi.

Tahadhari: usibadilishe hela kwa mtu wa barabarani. Mimi nilipewa noti zimekunjwa, nikahesabu haraka haraka kwenye jua, kufika garini zimepungua. Iliniharibia nusu ya siku.

Kula: omena na ugali wa mtama. Hao omena ndio dagaa wetu wa ziwani, wamekaangwa na nyanya. Na sangara alikuwepo, ila bei!

#13 Bibi Sato wa Kirumba
Marahaba mwanangu. Dagaa nisafiri kilometa mia tatu kuwala wakati nawaanika mimi mwenyewe? Sawa, tuendelee na mawe.

#14 mkerewe_halisi
Mnazungumza kana kwamba upande wetu hakuna aliyewahi kupanga mawe. Nendeni Ukara! Kisiwa kidogo, watu wengi, ardhi kiduchu. Wakara wamepanga mawe kwenye miteremko kutengeneza matuta, udongo usishuke ziwani, na ng'ombe wanafungwa ndani kwenye mashimo wanaletewa majani, samadi inabebwa shambani. Mimi mama yangu ni wa kule. Nikiwa mdogo nilitumwa kurudishia mawe ya tuta baada ya mvua, na babu alikuwa anakuja kulitikisa jiwe kwa mguu. Likicheza, unatoa na yale matatu ya pembeni, unaanza upya.

Kwa hiyo hoja ya Fundi kwamba mawe ya kwetu hayafai ni ya Mwanza mjini tu. Ujuzi ulikuwepo ziwani. Wakara waliutumia kwa shamba, wale wa Migori wakautumia kwa ukuta. Tofauti ni nini kilikuwa adimu: Ukara udongo, kule usalama.

#15 Kobe wa Saanane
Na Ukara kuna lile jiwe linalocheza, msilisahau.

#16 mkerewe_halisi
Lipo, ila lile ni jambo la heshima na lina wenyewe. Tusilichanganye na ujenzi.

#17 Mganga wa Mifugo
Nimekuwa nafanya kazi na wafugaji wa Mara na Simiyu muda mrefu, na nikisoma maelezo ya kuta hizi naona zizi kwanza, ngome baadaye. Fikirieni usiku wa karne zile: fisi, chui, simba, na pori lenyewe linaitwa la kutisha. Ng'ombe ndiye mahari, ndiye akiba, ndiye chakula cha kiangazi. Ukuta wa mita mbili ungetosha kabisa kwa simba aliyechoka. Mlango mfupi unaruhusu ng'ombe mmoja mmoja, unawahesabu wakiingia. Mimi siamini sana habari za vita kubwa.

#18 Mwalimu wa Butimba
Daktari, zizi halihitaji mita nne. Na pale mlangoni inaelezwa kwamba palikuwa na mwamba ulioinuka wa mlinzi kusimama, aone boma lote na ammalize anayeingia akiwa bado ameinama. Fisi hawekewi mlinzi wa namna hiyo.

Niongeze kitu ambacho hakijasemwa. Thimlich siyo pekee. Eneo lile la kusini mwa Nyanza yamehesabiwa mabaki ya maboma ya mawe zaidi ya 500, katika sehemu zaidi ya 130. Thimlich ni lile kubwa na lililosalimika zaidi. Maana yake haukuwa wazimu wa mtu mmoja mwenye hofu, ulikuwa mtindo wa kuishi. Kila ukoo na boma lake. Hata UNESCO wanalieleza hivyo: kuta zililinda watu na mifugo, na pia zilionyesha nani ni wa nani. Ukishaingia mlango ule mfupi wewe ni wetu.

Halafu kuna chuma. Nje ya Kochieng, upande wa kaskazini, palikuwa na mahali pa kuyeyushia chuma. Kuyeyusha chuma kunakula makaa bila huruma. Mimi nahisi miti mizuri ya kujengea uzio iliisha, wakageukia mawe yaliyojaa chini ya miguu.

#19 Muhaya Asili
Mwalimu nakuheshimu, lakini hiyo ya chuma haitembei. Kwetu Kagera, Katuruka pale Bukoba Vijijini, watu waliyeyusha chuma karibu miaka 2,000 iliyopita au na zaidi. Makaa walichoma, miti walikata. Ukuta wa mawe uko wapi? Tulijenga nyumba za msonge za nyasi na kuzunguka migomba. Chuma peke yake hakizai ukuta.

#20 Mwalimu wa Butimba
Nakubali, Katuruka inanibana. Labda ni chuma pamoja na mawe ya kuokota pamoja na uporaji wa ng'ombe. Ila nyie mna migomba na mvua, msitu unarudi haraka. Upande ule wa Nyatike, iliko Thimlich, ni pakavu.

#21 Msafiri wa Dodoma
Samahani kuingilia. Niko Mwanza kikazi, nimebakiwa na Jumamosi na Jumapili. Kenya siwezi. Nikitaka kupanda mahali pa juu penye historia hapa hapa, niende wapi?

#22 Kobe wa Saanane
Jumamosi alfajiri panda kilima cha Capri Point kabla jua halijawa kali, unaliona ziwa lote na lile Jiwe la Bismarck kwa chini. Isamilo nako pazuri, huko milimani ndiko Speke alikoliona ziwa mwaka 1858 akaliita jina la malkia wake, utadhani halikuwa na jina. Mchana vuka kwa boti Saanane. Beba maji, vaa viatu vyenye meno, mawe yanateleza.

#23 Bibi Sato wa Kirumba
Na Jumapili aende Bujora, Kisesa, pale makumbusho ya Wasukuma. Ngoma za watemi zipo, na ataona kaya ya Kisukuma ilivyopangwa. Ndiyo jibu la mwana_igoma liko kule, siyo milimani.

#24 Msafiri wa Dodoma
Wabeja sana bibi.

#25 Fundi Mawe, Mabatini
Bibi Sato amenigusa. Nimefikiri tangu jana. Mababu zetu hawakuhitaji kujenga ukuta kwa sababu milima yenyewe ilikuwa ukuta. Nenda juu ya Mabatini au Bugando, utaona mawe yameegemeana yanaacha mapango na vichochoro. Baba yangu alinionyesha kimoja, unaingia ubavu ubavu, ndani wanakaa watu kumi na mbuzi wao. Aliambiwa na baba yake kwamba kelele za hatari zikipigwa, akina mama na watoto walipelekwa pale. Leo pamejengwa nyumba mbele yake, choo kiko juu. Nilipita mwezi uliopita nikashindwa hata kumwonyesha mwanangu.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko kukosa ukuta. Na mimi kwa mikono yangu nimepasua mawe ya mlima ule kwa moto, kwa sababu ndiko riziki ilikuwa. Wenzetu wamebakiza vijiwe vya kuokota kwa miaka mia tano.

#26 Mura wa Tarime
Mzee Fundi, andika mahali pango lilipo kabla halijafukiwa. Nasema kwa nia njema.

#27 mwana_igoma
Fundi, Jumapili nakuja Mabatini na simu yenye kamera nzuri. Choo kiwepo kisiwepo.

#28 Mganga wa Mifugo
Kama ni wizi wa ng'ombe, Wasukuma mwanzoni mwa miaka ya 1980 walianzisha Sungusungu. Watu, mishale na filimbi. Ulinzi wa watu badala ya ukuta. Huenda ndivyo ilivyokuwa hata zamani: jirani zako ni wengi, watemi wana nguvu, ukipiga yowe wanatoka mia. Kule kwenye maboma kila ukoo ulijitegemea. Narudi nyuma kidogo kwenye hoja yangu ya zizi, kidogo tu.

#29 Muhaya Asili
Na walihama kwa nini? Kwangu hilo ni swali kubwa kuliko waliojenga.

#30 Mwalimu wa Butimba
Serikali ya kikoloni ilipozuia vita vya koo, ukuta ulipoteza kazi, watu wakatawanyika kwenye mashamba yao. Na malale mwanzoni mwa karne ya 20 yalifyeka mwambao wa ziwa, vijiji vikahamwa. Yote mawili yana ushahidi. Lipi lilitangulia kwenye boma gani, hapo hatutakubaliana.

#31 Nyar Shirati
Nimempigia bibi simu jioni hii, nikamsomea uzi wote kwa Kijaluo. Alisikiliza kimya mpaka mwisho. Kuhusu vita akasema ndiyo, walikuwepo waporaji. Kuhusu fisi akasema ndiyo. Kuhusu ukoo akasema ndiyo, mwanamume akikua anatoka anajenga kwake. Halafu akauliza: "Huyo kijana aliyekwenda, aliona wanawake walikuwa wanachota maji wapi? Mlango ule anapitaje mtu mwenye mtungi kichwani?"

Mwana_igoma, mlango unakufika wapi hasa?

#32 mwana_igoma
Shikamoo yake bibi. Kifuani, na mimi siyo mrefu. Mwenye mtungi ni lazima autue nje, aupitishe kwa mikono, mwenzake aupokee ndani. Maji yalitoka wapi sikuuliza. Nilipiga picha za ukuta tu, sikugeuka nyuma kuangalia njia ilikoshukia.

Mwezi ujao narudi. Nafasi kwenye gari zipo mbili. Fundi, moja ni yako.

#33 Fundi Mawe, Mabatini
Nimekubali. Nabeba kamba ya kupimia.